Nilisaini dawa ya akili ya mwanangu bila kujua nimekubali nini

MamaWaMmoja (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi utakuwa mrefu, naombeni mnivumilie, nimeukalia karibu mwaka mzima.

Mwanangu ana miaka minane na ana usonji. Mwaka jana ilifika hatua akawa anajigonga kichwa ukutani na kujing'ata mikono mpaka damu, na ukimzuia anakugeukia wewe. Nyumba nzima tulikuwa hatulali. Tulipopata nafasi kwa daktari wa akili wa watoto nilishukuru kama mtu aliyetolewa shimoni. Tulikaa mle ndani kama dakika kumi na tano, tukatoka na cheti cha dawa ya akili iitwayo risperidoni. Mlangoni nikapewa fomu, nikaoneshwa kwa kidole pa kusaini, nikasaini. Maelezo yote niliyopata yalikuwa neno moja: "Itamtuliza."

Na ilimtuliza. Hili naliweka mapema ili uzi usije ukageuka wa kupinga dawa. Ndani ya wiki tatu vidonda vya mikononi vilikauka. Akaanza kukaa na sisi mezani. Mimi mwenyewe nikalala usiku mzima, nikaamka nikalia kwa sababu nilikuwa nimesahau kulala kukoje.

Mwezi wa tano tangu aanze dawa, shangazi yake akaja kututembelea, akamtazama, akaniuliza mbona suruali zote hazimfungi. Alikuwa ameongezeka kilo sita. Mimi nilikuwa naona tu kwamba anakula. Akimaliza sahani analia anataka nyingine, nami nampa, nafurahi, maana huyu ni mtoto ambaye zamani tulikuwa tunambembeleza kwa kijiko. Usiku ule ndipo nikafungua kile kikaratasi cha ndani ya boksi, kile kinachokunjwa mara nane na herufi zake kama mchanga. Hamu ya kula kupanda. Uzito kupanda. Sukari na mafuta ya damu kupanda. Homoni ya prolaktini kupanda, na hiyo hata kwa mtoto wa kiume inaweza kuvimbisha matiti. Misuli ya mdomo na ulimi kuanza kuchezacheza yenyewe, na wengine isikome hata dawa ikiachwa.

Nilikisoma nimesimama jikoni, nikakaa chini sakafuni.

Baadaye nikaanza kutafuta. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watoto 101 wenye usonji na hasira kali kama za mwanangu, wiki 8. Waliopewa risperidoni, 69 kati ya kila 100 walipata nafuu ya wazi. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, 12 kati ya 100. Na katika wiki hizo hizo 8, wa dawa waliongezeka wastani wa kilo 2.7, wenzao kilo 0.8. Mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha dawa hii kwa watoto wa miaka 5 hadi 16 kwa tatizo hili hili. Maana yake ni kwamba faida na hasara zote mbili zilikuwa zimeandikwa na kuhesabiwa kabla mwanangu hajazaliwa. Haikuwa siri ya mtu. Ilikuwa ni suala la mtu kufungua mdomo na kunieleza.

Kinachonichoma zaidi ni hiki: ningeelezwa, ningekubali. Naapa ningekubali. Ukimwambia mama ambaye mwanawe anatoka damu kwamba saba kati ya kumi hupata nafuu, na uzito utapanda, atakwambia nipe. Lakini ningempima uzito siku ya kwanza. Ningeomba apimwe sukari na mafuta ya damu kabla ya kuanza, jambo ambalo miongozo ya dawa hizi inataka lifanyike na mimi hata sikujua lipo. Ile njaa yake ningeijua kuwa ni ya dawa, nisingekuwa najibu kila kilio kwa sahani. Miezi mitano ya mwili wa mwanangu ilipita nikiwa kipofu, na saini yangu ipo kwenye faili inasema nilielezwa nikaelewa.

Naomba kuuliza wenzangu mliopitia: mliambiwa nini kabla ya kusaini? Na nani anajua ridhaa ya mzazi kisheria na kitabibu inatakiwa iweje hasa?

BabaKimya

Pole sana dada. Sisi hatukupewa hata fomu. Kijana wetu ana ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia, na aliyeanza kutuambia habari za dawa ni mwalimu, siyo daktari. Tukaambiwa asirudi darasani mpaka "awe ameanza kitu". Ukifika kwa daktari ukiwa umebanwa hivyo, unakubali nini? Umeshakubalishwa huko ulikotoka.

Tulipewa methilfenideti. Inamsaidia, alama zake zimepanda, anamaliza sentensi. Ila mchana hali chochote, na usiku usingizi unachelewa. Haya nilikuja kuyajua kwa kuyaona.

NesiWaZamu

Nafanya kazi kliniki ya akili, upande wa watoto. Sitetei aliyekupa fomu mlangoni, MamaWaMmoja. Fomu ya mlangoni siyo ridhaa. Ni kumbukumbu ya karani.

Ila niseme kitu ambacho nimekiona kwa miaka mingi. Mzazi akifika pale hajalala wiki mbili, anatetemeka, mtoto anapiga kelele pembeni. Hata ukimweleza vizuri kabisa, akifika nje hakumbuki nusu. Kwa hiyo mimi siamini katika maelezo ya mara moja. Nikishamweleza namwambia hivi: "Sasa niambie kwa maneno yako, ukifika nyumbani mwenzako akikuuliza hii dawa ni ya nini na tuangalie nini, utamjibuje?" Hapo ndipo unagundua. Wengi hujibu "ni ya kumtuliza", basi. Narudia. Mara ya pili wanasema zaidi. Mzazi akinirudishia kwa maneno yake mwenyewe, naamini tumeelewana. Asipoweza, kosa ni la maelezo yangu.

Na kama mtoto hayuko kwenye hatari ya sasa hivi, hakuna sababu kidonge cha kwanza kimezwe siku ile ile. Mpe mzazi karatasi, aende akasome, alale, arudi au apige simu kesho kutwa na maswali. Dharura ni jambo jingine. Mtoto anataka kujirusha dirishani, tunaokoa maisha kwanza. Lakini hata hapo maelezo yanaahirishwa tu, hayafutwi.

Kwa BabaKimya: mtoto wa methilfenideti anatakiwa apimwe urefu, uzito, presha na mapigo ya moyo kabla ya kuanza na kila baada ya muda. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuata watoto wa ADHD uliona kwamba baada ya miaka 3 waliotumia dawa mfululizo walikuwa wafupi kama sentimita 2 kuliko wasiotumia. Siyo jambo la kukutisha, ni jambo la kuwekwa mezani ukaamua. Wengine wataona sentimita 2 si kitu mbele ya mtoto anayeweza kusoma. Wengine wataomba dawa ipumzishwe wakati wa likizo. Wote wana haki, mradi waliulizwa.

Wakili_Mstaafu

Ngoja nijibu upande wa sheria, kwa ufupi kadiri ninavyoweza. Nchi hutofautiana, mimi nitasema mkondo wa jumla.

Neno lenyewe, ridhaa yenye taarifa, liliingia kwenye hukumu ya mahakama ya California mwaka 1957, kesi ya Salgo. Miaka mingi baada ya hapo swali lilikuwa: daktari aseme kiasi gani? Jibu la zamani lilikuwa "kiasi ambacho madaktari wenzake husema". Yaani madaktari wote wakizoea kunyamaza, kunyamaza kunakuwa halali.

Uingereza waliliacha jibu hilo mwaka 2015 katika kesi ya Montgomery. Nadine Montgomery alikuwa mama mwenye kisukari, mwenye umbo dogo, mjamzito wa mtoto mkubwa. Kwa mama kama yeye hatari ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa ilikuwa kama 9 hadi 10 kati ya 100. Daktari hakumwambia, na sababu aliyoitoa ni kwamba akina mama wakiambiwa watachagua upasuaji. Mtoto alikwama, akakosa hewa, akabaki na ulemavu. Mahakama ya Juu ikasema hivi, kwa maneno yangu: kipimo siyo kile madaktari wamezoea kusema, ni kile ambacho mtu mwenye busara aliye katika hali ya mgonjwa huyu angeona kina uzito, au kile ambacho daktari anajua au anapaswa kujua kwamba mgonjwa huyu hasa angekiona kina uzito. Na ni lazima aambiwe njia mbadala zilizopo.

Ile haikuwa kesi ya dawa za akili, lakini angalia inavyomfaa MamaWaMmoja. Kilo sita kwa mtoto wa miaka minane, je, mama mwenye busara angetaka kujua? Swali limejijibu.

Jambo moja zaidi, nalo wengi hawalijui. Dawa nyingi za akili wanazopewa watoto hutumiwa nje ya kibali chake, ama umri haujafikiwa, ama ugonjwa si ule ulioidhinishwa. Si haramu, na mara nyingi ndiyo njia pekee iliyopo, kwa sababu tafiti za watoto ni chache. Lakini mzazi ana haki ya kuambiwa kwamba hapa tunatumia uzoefu na makisio zaidi kuliko ushahidi. Ulizeni neno kwa neno: "Dawa hii imeidhinishwa kwa umri wa mwanangu na kwa tatizo hili?"

MzeeWaHoja

Nimesoma yote na nakubaliana na mengi, ila kuna upande haujasemwa na mimi unaniuma.

Mdogo wangu wa mwisho alipata sonona akiwa na miaka 15. Daktari alikuwa mwaminifu kuliko wote mnaowasema hapa. Akawasomea wazazi wangu onyo lote la fluoksetini, kwamba kwa vijana inaweza kuongeza mawazo ya kujiua. Wazazi wakashika kichwa. "Dawa ya kumzuia asijiue inaweza kumfanya atake kujiua?" Wakakataa, wakatoka. Hakupewa tiba nyingine yoyote. Miezi minne baadaye alijaribu. Alipona, yuko hai leo, ana watoto. Lakini sitaki mtu aniambie kwamba taarifa nyingi siku zote ni jambo jema. Kuna taarifa inayomfunga mzazi mikono.

Mtakwimu

@MzeeWaHoja pole sana, na nashukuru mdogo wako yupo. Naomba nikujibu kwa heshima, kwa sababu hoja yako ndiyo ngumu kuliko zote kwenye uzi huu.

Nadhani wazazi wako hawakupewa taarifa nyingi. Walipewa nusu.

Onyo lile lilitolewa na FDA Oktoba 2004, baada ya kukusanya tafiti 24 zenye watoto na vijana zaidi ya 4,400. Waliopewa dawa, 4 kati ya 100 walipata mawazo au vitendo vya kutaka kujiua. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, 2 kati ya 100. Katika tafiti zote hizo hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kujiua. Sasa sikiliza namna mbili za kusema jambo hilo hilo. Ya kwanza: "Dawa hii inaongeza hatari mara mbili." Ya pili: "Kati ya watoto mia wanaoitumia, wawili zaidi watapata mawazo hayo, kwa hiyo wiki za mwanzo na kila tunapobadilisha dozi tutamwangalia kwa karibu, na nyinyi mtaniambia akianza kuhangaika, kukosa usingizi au kuwa mkali ghafla." Zote ni kweli. Ya kwanza inamfukuza mzazi, ya pili inampa kazi ya kufanya.

Halafu ile nusu nyingine. Mwaka huo huo 2004 ulitoka utafiti wa TADS, vijana 439 wenye sonona. Baada ya wiki 12 waliopata nafuu walikuwa 71 kati ya 100 kwa waliopewa fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo, 61 kwa fluoksetini peke yake, 43 kwa mazungumzo peke yake, na 35 kwa kidonge kitupu. Mzazi akiona namba hizi nne anaona mambo mengi kwa mpigo. Anaona dawa inafanya kazi. Anaona mazungumzo yakiongezwa hali inakuwa bora zaidi. Anaona pia kwamba theluthi nzima wangepata nafuu bila dawa, kwa hiyo akimpa muda mtoto mwenye sonona nyepesi si mzembe. Na anatakiwa aambiwe kitu cha tano ambacho hakimo kwenye namba hizo: sonona kali isiyotibiwa nayo ina hatari yake, na kukataa kila kitu ni uamuzi wenye madhara yake kama ulivyo wa kukubali.

Wazazi wako waliambiwa hatari ya dawa. Hatari ya kutoka pale mikono mitupu hawakuambiwa. Daktari alikuwa mkweli, lakini ridhaa haikukamilika.

MzeeWaHoja

@Mtakwimu nimekaa na hii kwa saa kadhaa kabla ya kujibu. Ni kweli. Hakuna aliyewaambia "msipotaka hii, tufanye hivi". Wangeambiwa hivyo wangefanya. Nawajua wazazi wangu.

NilikuwaMtotoHuyo

Mimi ndiye yule anayezungumziwa kwenye nyuzi kama hizi bila kuwepo. Nilianzishiwa fluoksetini nikiwa na miaka 14. Mama alielezwa, mama alisaini. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili natazama viatu vyangu, na hakuna aliyenigeukia.

Wiki ya pili nilianza kujisikia kama ngozi imenibana. Siwezi kukaa, siwezi kulala, miguu inataka kwenda na sijui inataka kwenda wapi. Sikumwambia mtu. Nilidhani ndiyo ugonjwa wangu unazidi, ndiyo mimi nilivyo. Laiti mtu angeniambia, "Ukiona hivi na hivi, ni dawa, sema haraka," ningesema siku ile ile. Mama alikuwa anaangalia kama nalia. Sikuwa nalia. Hali ile ilikuwa ndani ya mwili, na mwili niliokuwa nao ni wangu mimi. Nani mwingine angeiona?

Walipokuja kujua walipunguza dozi, baadaye wakaipandisha polepole, na nikapona. Dawa ile naiheshimu mpaka leo.

Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa tamko mwaka 1995 linalotofautisha mambo mawili vizuri sana. Walisema mzazi kwa kweli hatoi ridhaa, kwa sababu ridhaa ni ya mwenye mwili. Mzazi anatoa ruhusa. Na mtoto, kadiri ya umri wake, anatoa kukubali kwake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, nao unasema mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni asikilizwe kwa mambo yanayomhusu, na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu. Hii haina maana mtoto wa miaka saba ndiye aamue. Ina maana ajue kidonge ni cha nini, kinaweza kumfanya ajisikieje, na amwambie nani. Na msimdanganye kwamba ni vitamini. Nimekutana na watu wazima waliokuja kugundua kwamba "vitamini" zao za utotoni zilikuwa dawa za akili, na hawajawasamehe wazazi wao hadi leo.

Wakili_Mstaafu

Umesema kweli, na niongeze mstari mmoja. Uingereza mwaka 1985, katika kesi ya Gillick, mahakama ilikubali kwamba hata aliye chini ya miaka 16, akiwa na ufahamu wa kutosha wa jambo lenyewe, anaweza kutoa ridhaa yake mwenyewe ya matibabu. Si kila nchi iko hivyo. Lakini uwezo wa mtoto unakua hatua kwa hatua, hausubiri siku ya kuzaliwa ya kumi na nane.

DaktariMdogo

Nimejizuia kuandika, lakini ngoja niseme. Sisi tunaoandika dawa nasi tulidanganywa.

Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa paroksetini kwa vijana 275 wenye sonona, unajulikana kwa jina la Utafiti 329. Uliandika kwamba dawa inafaa na vijana wanaivumilia vizuri. Madaktari wakaiandika kwa imani hiyo. Uingereza ikaonya mwaka 2003 kwamba isitumike kwa sonona ya walio chini ya miaka 18. Mwaka 2012 kampuni inayoitengeneza, GlaxoSmithKline, ilikubali kulipa dola bilioni 3 Marekani kwa makosa kadhaa, mojawapo kuitangaza paroksetini kwa walio chini ya miaka 18 bila kibali. Na mwaka 2015 watafiti wengine walifungua takwimu zile zile upya wakakuta haikuwa na nguvu kuliko kidonge kitupu, na madhara yalikuwa zaidi.

Fikiria mzazi aliyekaa mbele ya daktari mwaka 2002. Daktari mwaminifu, mzazi makini, maswali yote yameulizwa, majibu yote yametolewa. Na bado ridhaa ile haikuwa ridhaa, kwa sababu taarifa ilikuwa imeharibiwa kabla haijafika kwenye chumba kile. Ndiyo maana siku hizi nawaambia wazazi tunachokijua, kisha nawaambia na tusichokijua. Kwa mfano, athari za miaka kumi na tano kwa ubongo unaokua hatuna majibu kamili kwa dawa nyingi. Kuna wazazi wanaokasirika. Wengi wananishukuru.

Na jamani, yeyote anayesoma hapa akashtuka: usimkatishe mtoto dawa ghafla kwa sababu ya uzi. Baadhi ya dawa hizi zikiachwa kwa mpigo huleta kizunguzungu, hasira, kukosa usingizi, au ugonjwa kurudi kwa nguvu. Rudi kwa daktari, mpunguze pamoja.

BibiMlezi

Mimi nalea mjukuu wangu. Mama yake hayupo, baba yake hatujui alipo. Kliniki hii inaniambia mimi si mzazi siwezi kusaini, ile nyingine inaniambia weka dole gumba tu. Mtoto ni yule yule.

Wakili_Mstaafu

@BibiMlezi tafuta hati ya ulezi kutoka mahakamani, hata kama ni usumbufu. Bila hati hiyo kila dawati litakujibu lake. Watoto wasio na mzazi wa kuwauliza maswali ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi. Ukaguzi wa serikali ya Marekani mwaka 2011 uliangalia majimbo matano ukakuta watoto walio chini ya uangalizi wa serikali wanaandikiwa dawa za akili mara 2.7 hadi 4.5 zaidi ya wenzao waliokuwa kwenye bima hiyo hiyo ya serikali. Sehemu ya tofauti ni kwa sababu wamepitia mambo mazito. Sehemu nyingine, naamini, ni kwa sababu hakuna mtu wa kusema "ngoja kwanza, kwa nini?" Wewe upo. Uliza.

MamaWaBinti

Naongeza hili kwa wenye mabinti. Binti yangu alipewa valproeti akiwa na miaka 12, kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Nilielezwa habari za ini na uzito. Habari za ujauzito hakuna aliyegusa, nadhani waliona aibu kwa umri wake. Dawa hiyo ikitumika wakati wa mimba, kama mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za kimaumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Mtoto wa miaka 12 anakua. Atafika 17 akiwa bado kwenye kidonge kile kile kilichosainiwa na mama yake akiwa darasa la sita, na hakuna atakayekumbuka kumwambia.

Tangu 2018 Uingereza wanataka msichana anayetumia dawa hii akae na daktari bingwa kila mwaka, waipitie fomu ya hatari upya, waisaini upya. Kila mwaka! Niliposoma hilo nilijiuliza kwa nini iwe kwa valproeti peke yake.

MamaWaMmoja

Nimesoma kila mlichoandika, mara mbili mbili. Nesi, yale maneno yako ya "niambie kwa maneno yako" niliyaandika kwenye karatasi.

Majuzi tulikuwa na miadi. Nilikwenda na daftari. Nikamwambia daktari kwamba sikuja kugombana, nimekuja kusaini upya, safari hii nikijua. Alinyamaza kidogo, kisha akavuta kiti karibu. Tulikaa karibu dakika arobaini. Nilimuuliza dawa inalenga kitu gani hasa, tutajuaje imefanya kazi, tutajuaje haifanyi, dozi ya chini kabisa inayomtosha ni ipi, vipimo gani na lini, na swali ambalo sikuwahi kufikiria kama linaulizwa: tutaiacha lini na kwa njia gani? Alijibu mengi. Mawili alisema hana uhakika, na hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nimwamini.

Damu imechukuliwa, majibu wiki ijayo. Dozi ya jioni imepunguzwa, tunaangalia. Mtaalamu wa tabia ataanza kutufundisha sisi wazazi namna ya kuiona hasira kabla haijalipuka, kitu ambacho kumbe kilikuwepo tangu mwanzo na hakikutajwa.

Halafu nikafuata ushauri wa NilikuwaMtotoHuyo. Mwanangu haongei sana, kwa hiyo nilimchorea. Kidonge, kichwa, tumbo. Nikamwonesha kwamba kidonge kinasaidia kichwa kisiumie ukutani, na kinafanya tumbo liseme "njaa" hata likiwa limeshiba. Alitazama mchoro muda mrefu. Akachukua kalamu, akachora mstari kutoka kwenye tumbo mpaka kwenye mdomo, akaugonga mara tatu kwa kidole.

Sasa kila Jumamosi asubuhi ananivuta mkono tukapande mizani. Namba anaisoma mwenyewe, ndiyo anayoipenda kuliko yote, kisha ananipa daftari niiandike.